Mazoezi ya Figo

Fundi alikuwa na figo mbili nzima na uzito uliozidi. Mdogo wake alikuwa na figo mbili zilizokufa na filimbi moja. Ndiyo maana sebule ya Fundi iligeuka uwanja wa mazoezi, na jirani wa chini akaanza kugonga dari lake kwa mpini wa ufagio.

Tuanze na Fundi mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, mjane asiye na mtoto, akiishi na mama yake katika vyumba viwili vya ghorofa ya juu. Cherehani ilikuwa hapo hapo sebuleni, kando ya dirisha, na meza ya kukatia kitambaa ilikula nusu ya nafasi iliyobaki. Alishona sare za shule, mapazia, magauni ya watu wenye harusi na ya watu wenye haraka. Kazi ya kushona ni ya kukaa, na yeye alikaa miaka na miaka, mpaka mama yake akawa anamwambia kwamba siku moja watahitaji shoka kumtoa kwenye kile kiti, maana ameshaota mizizi. Fundi hakujali. Nguo zake alijishonea mwenyewe, na anayejishonea hakosi saizi yake.

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa michezo. Watu wote walimwita Mwalimu, hata mama aliyemzaa. Alikuwa mtu wa kukimbia na wanafunzi wake kuzunguka uwanja huku akiwazomea kwa upendo, filimbi shingoni, miguu mikavu kama ya swala. Kisha miguu ile ikaanza kuvimba. Ikafuata presha, ikafuata kutapika asubuhi, na hospitali ikasema figo zote mbili zimesimama. Tangu hapo akawa mtu wa mashine: anakwenda, anafungwa mipira, damu inatoka, inasafishwa, inarudi, naye anarudi nyumbani akiwa kama nguo iliyokamuliwa. Mkewe alivumilia mwaka wa kwanza wa mashine, halafu akaenda kwao kusalimia, na salamu hizo hazijaisha mpaka leo. Ndipo Fundi alipomleta kwake, akampa chumba kimoja, yeye na mama wakabanana kwenye kile kingine.

Hospitali ile ilikuwa na daktari wa figo, lakini wapasuaji wa kuhamisha figo walitoka mbali. Walikuja mara moja moja, wakakaa wiki moja tu, wakafanya kazi yao na kuondoka. Watu wa pale waliwaita wageni. Ukikosa wiki ya wageni, unasubiri mpaka warudi, na mgonjwa wa figo si mtu wa kusubiri. Fundi alijitolea bila kuombwa. Walimpima damu, ikapatana na ya mdogo wake vizuri kuliko hata tabia zao. Walimpima moyo na mishipa, wakatikisa vichwa kwa furaha. Halafu wakampandisha kwenye mizani.

"Mama, kwa uzito huu hatukupasui," daktari alimwambia. "Tutakuua wewe tukijaribu kumponya yeye. Nenda ukapungue. Ukifika hapa," akamwonyesha mahali kwa kalamu, "kabla wageni hawajaja, tunaendelea."

Siku hiyo hiyo walipitishwa kwa mshauri, mwanamke mwenye miwani aliyeuliza swali moja kwa namna nyingi. Nani amekutuma? Nani amekulazimisha? Umeahidiwa nini? Fundi akajibu hakuna, hakuna, hakuna. Mshauri akavua miwani. "Sikilizeni nyote wawili. Tukigundua mtoaji amelazimishwa, au kuna neno mmetuficha, tunafunga faili. Likifungwa, limefungwa." Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kwenye benchi la nje walikuwa wamemwona mjomba mmoja na mpwa wake wakitoka kwenye mlango ule ule wakilia, kwa sababu mpwa alificha kwamba anakunywa.

Hapa inabidi niseme kitu kuhusu familia hii, maana bila hicho hutaelewa ujinga waliokuja kuufanya. Nyumba yao ilikuwa na sheria moja iliyozishinda zote: ya nyumbani hayatoki mlangoni. Mwalimu alipokuwa mdogo alivunja dirisha la watu kwa mpira. Mwenye dirisha akaja amevimba kwa hasira, na Fundi, msichana mdogo mwenye mabutu mawili ya nywele, akasimama mlangoni akasema ni upepo. Upepo gani? Siku hiyo hata jani lilikuwa limelala. Lakini mama alisimama nyuma ya binti yake akasema, "Na mimi niliusikia." Mgeni alipoondoka, Mwalimu alichapwa mpaka akasahau mpira ni nini. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yao. Ndani mtaumana mpaka damu itoke. Mgeni akibisha hodi, mnafuta damu na kutabasamu.

Basi wakaanza mazoezi. Mwalimu alisema kukimbia barabarani hakuna haja. Nyumba inatosha kwa anayejua kazi yake. Siri, alisema, ni kuchanganya: zoezi la kumfanya mtu aheme, linafuatwa papo hapo na zoezi la nguvu, kisha la kuhema tena, unazunguka vituo vyote bila kukaa. "Moyo usipoe, misuli isilale," alikuwa akisema, na alikuwa amewaambia hivyo watoto wa watu kwa miaka yote aliyofundisha.

Vituo akavipanga mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mlango. Kamba ya kuanikia nguo ikawa kamba ya kuruka. Jora la kitambaa cha sare, lile zito la rangi ya samawati, Fundi aliliweka mabegani akachuchumaa nalo na kusimama, akachuchumaa na kusimama. Meza ya kukatia ikawa ya kupiga pushapu za kuegemea, maana za sakafuni alianguka kifudifudi na mama akacheka mpaka akashika mbavu. Stuli ya wateja ikawa ngazi ya kupanda na kushuka. Mwisho ilikuwa ni madumu mawili ya maji, moja kila mkono, kutoka dirishani mpaka jikoni na kurudi. Halafu filimbi, na kamba tena.

Siku ya kwanza Fundi alimaliza mzunguko mmoja akalala chini akidhani anakufa yeye kabla ya mgonjwa. Filimbi ililia juu ya kichwa chake.

"Inuka, Dada! Figo yangu inasinzia humo ndani!"

"Bado ni yangu," alisema Fundi kutoka sakafuni.

"Basi itunze. Sitaki mali iliyolala."

Huo ukawa utani wao. Mwalimu aliisemesha ile figo kama mchezaji wa timu. Akaiuliza kama imekunywa maji, akaikaripia Fundi alipopaka siagi kwenye mkate. Wateja waliokuja kupimwa nguo walikuta fundi wao amelowa jasho na jora begani, wakapimwa na mtu anayehema. Jirani wa chini alipanda mara ya kwanza kulalamika kwamba balbu yake inacheza. Mama akampokea mlangoni kwa adabu zote na kumwambia ni cherehani mpya, ina mtetemo. Jirani akatazama cherehani ile kuukuu, akamtazama Fundi, akashuka. Akawa anagonga dari tu.

Haba na haba hujaza kibaba, na kumbe haba na haba hukipunguza pia. Fundi alianza kubana nguo zake pembeni, kisha akazibana tena. Pumzi ikarefuka. Siku moja aliruka kamba mpaka Mwalimu akasahau kupuliza filimbi, akakaa anamwangalia, na macho yake yakawa na majimaji. Lakini jinsi dada alivyopungua ndivyo mdogo alivyopungua naye, na wa kwake haukuwa upungufu wa kushangilia. Mwanzoni alisimama akimfuata kituo hadi kituo. Baadaye akawa anaelekeza kutoka kwenye kiti. Baadaye pumzi ya filimbi ikamwishia, akawa anagonga mguu wa meza kwa rula ya kukatia nguo. Ngozi yake ikawa ya rangi ya majivu, na alijikuna mpaka mikono ikatoka alama. Fundi aliyaona yote. Kila alipotaka kukaa aliitazama mikono ile, akanyanyua madumu.

Wageni walikuwa wanaingia Jumatatu. Kipimo cha mwisho cha Fundi kiliwekwa Jumanne asubuhi, na upasuaji Jumatano. Jumamosi Mwalimu akiwa kwenye mashine, Sista, yule nesi mfupi aliyewazoea, alimvuta Fundi kando ya korido.

"Kuanzia leo pumzika," alimwambia. "Usiruke, usibebe kitu kizito. Mazoezi makali yanaharibu kipimo cha mkojo. Umenielewa, dada yangu?"

"Nimekuelewa, Sista."

Na alielewa. Alikusudia kumwambia mdogo wake wakifika nyumbani, lakini Mwalimu alitoka kwenye mashine hoi, akalala na viatu. Jumapili Fundi alisema ana sare za kumaliza, na kweli alizimaliza. Hakuruka, hakubeba, hata maji alichota mama. Angeendelea hivyo siku moja zaidi, hadithi hii ingekuwa fupi na ya furaha, na nisingekuwa na sababu ya kuisimulia.

Jumatatu alasiri alipanda kwenye mizani ndogo waliyoazima. Sindano ikasimama juu kidogo ya ile alama ya daktari. Kidogo sana, unywele. Mizani yenyewe ilikuwa mbovu, ukiisogeza kwenye kigae kingine inasema mengine. Lakini Mwalimu alikuwa ameinama kutoka kwenye kiti chake, akaona.

Akasimama. Hakuwa amesimama bila kushikwa kwa siku nyingi. Alishika ukuta, akashika mgongo wa cherehani, akaichukua filimbi iliyoning'inia kwenye msumari wa mkasi, akaivaa shingoni.

"Mzunguko mmoja," alisema. "Wa kuaga. Mchezaji haingii uwanjani akiwa baridi."

Fundi alifungua mdomo. Sista amesema, alitaka kusema. Maneno yalikuwa pale pale nyuma ya meno. Lakini alimtazama usoni, na uso ule ulikuwa wa zamani, uso wa uwanjani, wa kabla ya mashine na mipira na mke aliyeenda kusalimia. Angewezaje kumwambia akae? Mzunguko mmoja utafanya nini, alijiuliza, kwa mtu aliyeshapiga mamia? Mama alitoka jikoni akakuta mwanawe amesimama kwa miguu yake mwenyewe, akaanza kupiga makofi.

Filimbi ikalia, nyembamba lakini ikalia. Fundi akaruka. Akachuchumaa na jora, akasukuma meza, akapanda stuli, akabeba madumu, na alipofika mwisho Mwalimu akapuliza tena, naye akaruka tena. Mmoja ukawa miwili, na miwili haikuwa ya mwisho. Jirani wa chini aligonga dari, na Mwalimu akamjibu kwa kugonga sakafu na rula, ko ko ko, wote watatu wakacheka mpaka mama akakaa chini. Ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote walizopata katika nyumba ile, na wote watatu walijua hivyo.

Jumanne uzito ulikubali. Fundi alishuka kwenye mizani ya hospitali na karibu akumbatie chuma. Wakatoa damu, wakachukua mkojo, wakawaambia wasubiri. Walisubiri sana. Walipoitwa ndani, daktari alikuwa anasoma karatasi, na Sista amesimama pembeni ya dirisha, hatabasamu.

"Kuna damu kwenye mkojo wako," daktari alisema. "Na protini. Havikuwepo kwenye vipimo vyote vya nyuma."

Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mikono juu ya magoti.

"Nilikuambia upumzike," Sista akasema. "Siku tatu, nilikuambia Jumamosi. Ulipumzika?"

Hapo ndipo Mwalimu aliposikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Fundi hakumtazama, lakini alimsikia anavuta pumzi na kuizuia. Alijua kinachopita kichwani mwake. Alikuwa anaisikia filimbi yake mwenyewe. Fundi akaona mambo mawili kwa pamoja: akisema sikupumzika, mdogo wake atajua kwamba amejiua kwa mdomo wake. Na mshauri mwenye miwani ataitwa, atauliza nani alikulazimisha, nani alipuliza filimbi, na faili litafungwa. Likifungwa limefungwa. Yote mawili yalimjia, na juu yake likaja la tatu, la zamani kuliko yote, ambalo halikupitia kichwani kabisa. Mgeni yuko mlangoni, ameuliza nani kavunja dirisha.

"Nilipumzika," alisema Fundi.

Daktari akamgeukia Mwalimu. "Ni kweli? Nyumbani hakufanya kazi nzito?"

Mwalimu alimtazama dada yake. Angeweza kusema. Ni yeye aliyekuwa anakufa, na maneno mawili tu yalitosha. Lakini neno la dada lilikuwa limeshatoka mbele ya watu, na kulikanusha kulikuwa ni kumfanya mwongo, na mwongo hatoi figo katika hospitali ile. Na pengine, ni nani ajuaye, aliona aibu. Mwalimu wa michezo asiyejua mchezaji wake alitakiwa kupumzika!

"Alipumzika," alisema.

Daktari akaitua karatasi taratibu. Kama mtu amepumzika na bado anatoa damu, alieleza, basi ugonjwa umo ndani ya figo zenyewe, na hawezi kumtoa figo mtu mwenye figo za mashaka. Itabidi apigwe picha, apimwe tena kwa kina, na hayo ni mambo ya wiki nyingi. Nafasi yao ya wiki hii itapewa wengine. Alisema pole, na aliisema kwa moyo. Nje kwenye benchi kulikuwa na baba na binti yake wakisubiri kama wa akiba. Walipoitwa, yule binti alipiga yowe la furaha, kisha akawaona Fundi na Mwalimu wanapita, akajiziba mdomo.

Nyumbani Mwalimu aliivua filimbi, akaitupa kwenye kopo la vifungo, akaingia chumbani. Mama aliuliza, akaelezwa kwa ufupi, akakaa kwenye stuli ya wateja.

Alhamisi asubuhi Fundi alivaa viatu. Hakuwa amelala vizuri tangu Jumanne. Mama yake alimkuta mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Sista. Nikamwambie ukweli, Mama. Wanipime tena. Wageni bado wapo mpaka kesho."

"Ukamwambie nini? Kwamba ndugu yako alikupulizia filimbi ukaruka kama punda? Kwamba ulidanganya, na yeye akadanganya juu ya uongo wako?" Mama hakupaza sauti. "Watalifunga faili, mwanangu. Umesahau yule mjomba na mpwawe? Sasa hivi angalau wamesema watakupima upya. Kuna mlango. Usiufunge kwa mkono wako."

"Na kama ni yale mazoezi tu? Kama imeshaisha?"

"Kama imeshaisha, wataona wenyewe wakipima. Ya nyumbani hayatoki mlangoni."

Kutoka chumbani Mwalimu alikohoa. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, alisikia kila neno. Fundi alisubiri aseme kitu: nenda, Dada, au usiende. Alikohoa tena, akanyamaza. Hapa ndipo mtu hutamani kuingia ndani ya nyumba hiyo akawatandika vibao wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa zamu. Walipendana mno. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakutuambia humfanya nini anayeficha uzima. Fundi alivua viatu, akakaa kwenye cherehani. Kesho yake wageni wakaondoka.

Vipimo vipya vilikuja polepole, kimoja kimoja. Picha ilikuwa safi. Mkojo ulikuwa safi, na waliporudia ulikuwa safi tena. Daktari alikuna kichwa, akasema figo hizi ni kama za msichana, haelewi ile damu ilitoka wapi, akamwandikia nafasi ya kwanza wageni watakaporudi. Fundi alishukuru, akaenda kulia chooni. Nyumbani aliendelea na vituo vyake peke yake ili uzito usirudi, bila filimbi na bila rula, na Mwalimu akawa anafunga mlango wa chumba anapomsikia anashika kamba. Siku moja tu aliufungua.

"Pumzika, Dada," alisema. Akaufunga tena.

Homa ilimwanzia Mwalimu kwenye shimo la mpira wa mashine, pale shingoni ulipoingilia. Siku ya kwanza alitetemeka, siku ya pili alikuwa anaongea na wanafunzi wake wa zamani. Hospitali walimpa dawa za nguvu. Fundi alikaa kando ya kitanda akiwa mwembamba, mwenye afya kuliko alivyowahi kuwa maishani, na figo mbili nzima ndani yake ambazo hazikuwa na kazi. Mchana mmoja Mwalimu alirudiwa na akili, akamtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Ile Jumatatu," alisema. "Uliruka vizuri sana."

Fundi alijua anaambiwa nini. Alitaka kujibu kwamba lilikuwa kosa lake yeye, kwamba alijua na akanyamaza. Lakini kitanda cha pili kilikuwa na mgonjwa, na mgonjwa alikuwa na wageni.

"Nyamaza upumzike," alisema.

Alikufa siku iliyofuata, kabla ya jua kuzama, mama yake amemshika mguu.

Msibani watu walijaa. Meza ya kukatia ilisukumwa ukutani, cherehani ikafunikwa shuka, wanawake wakakaa chini kwenye mikeka mahali pale pale palipokuwa vituo. Walimwambia Fundi maneno yanayosemwa. Ulifanya kila kitu, mwanangu. Dada kama wewe haonekani. Ulijikondesha kwa ajili yake, Mungu ameona. Jirani wa chini alikuwepo pia, alikuja tangu asubuhi, ameosha vyombo, amekoroga chai, sasa amekaa karibu na mlango na kikombe chake.

Sista aliingia alasiri, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini. Alimkumbatia mama, akaja akakaa karibu na Fundi. Alikuwa na kitu kinachomsumbua, na mwisho akashindwa kukizuia.

"Nisamehe, dada yangu, nikiuliza wakati huu," alisema kwa sauti ya chini. "Linanikosesha usingizi. Mimi niliwaona wengi. Damu ile ya kwenye mkojo, mtu akifanya mazoezi makali, inatoka, na siku mbili tatu inapotea yenyewe. Nilimwambia daktari, akasema lakini mwenyewe amesema alipumzika. Ungekuwa hukupumzika, tungekupima tena Alhamisi tu. Wageni walikuwa wapo mpaka Ijumaa, na kitanda kilikuwepo. Wala hakuna ambaye angefunga faili kwa sababu ya kamba ya kuruka." Akamshika mkono. "Niambie tu nitulie. Ulipumzika kweli?"

Wanawake waliokuwa karibu walikuwa wamegeuza vichwa. Fundi alihisi macho ya mama yake upande wa kulia wa uso wake. Alihesabu kimoyomoyo watu waliokuwa wakisikiliza, akaona ni wengi, akaona pia kwamba hajali tena.

"Sikupumzika," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nilijua, Sista. Niliruka Jumatatu nzima. Nilibeba madumu. Yeye hakujua kitu, mimi ndiye—"

"Alipumzika," alisema mama.

Alikuwa ameshasogea, ameketi kati yao, na mkono wake umekamata kifundo cha mkono wa Fundi kwa nguvu ambayo mtu asingeidhania kwa mzee yule. Uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mlangoni.

"Msamehe mwanangu, Sista. Msiba umempanda kichwani, anataka kubeba kila kitu yeye. Mimi nilikuwa humu ndani siku zote tatu. Alikaa pale kwenye kiti chake, anashona sare. Hata maji nilichota mimi."

Sista alimtazama mama, akamtazama Fundi. Halafu akageuka kuwatazama wengine, kama mtu anayetafuta shahidi, na macho yake yakatua kwa jirani wa chini. Jirani alikuwa ameinamia kikombe chake. Alimwona Fundi akimtazama, midomo inamcheza, anamwomba bila sauti. Akamtazama mama aliyefiwa, mzee amekaa mkekani, mgongo umenyooka.

"Mimi nakaa hapa chini," alisema jirani pole pole. "Kulikuwa kimya. Sikusikia kitu."

"Basi ni mipango ya Mungu," alisema Sista, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mtu mmoja aliitikia, na mwingine akaanza kulia upya. Jirani aliinuka kwenda kuongeza chai. Fundi alifungua mdomo tena, na mkono wa mama ukakaza, na haukumwachia mpaka mgeni wa mwisho alipoaga.